Tumsubirishe dada dawa ya dendrima, au aendelee na dripu za kemo?

Muuza Dagaa wa Kibirizi (Kigoma) anauliza:

Wakubwa shikamooni, rika langu habari zenu. Dada yangu mkubwa, ndiye aliyetulea baada ya mama kufariki, ana saratani ya titi la kushoto. Titi limeshaondolewa na sasa anatibiwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Amemaliza dripu za ile dawa nyekundu. Nywele zimekwisha, kucha zimegeuka nyeusi, lakini anakula na anatembea mwenyewe hadi kwa jirani. Daktari amesema zinazofuata ni dripu za dosetakseli, na hapo ndipo nyumba yetu ilipogawanyika.

Kijana wake wa kwanza yuko chuo Dodoma. Amesoma kwamba kuna polima (molekuli zilizoungwa kwa vipande vingi) ndogo sana zenye matawi, zinaitwa dendrima, zinabeba dawa ya kemo hadi ndani ya uvimbe bila kugusa sehemu nyingine za mwili. Alitupigia simu usiku, akasema mama asiwekewe dosetakseli ya kawaida kwa sababu imeshatengenezwa nyingine iliyofungwa kwenye dendrima, haishushi chembe nyeupe wala haivimbishi miguu. Anataka tuuze shamba la michikichi alilotuachia baba kule Simbo, mama apelekwe India. Kaka yetu hataki hata kusikia neno kuuza. Mimi niko katikati, maana nauli ya Mwanza na gharama nyingine zote zinatoka kwenye dagaa zangu, na dada mwenyewe ananiambia, "Amua wewe."

Tena kuna jambo lingine. Jirani ameniunganisha kwa simu na mtu anayeuza "matone ya nano" ya saratani, chupa moja laki tatu na nusu. Anasema ndiyo dendrima yenyewe, ila hii ni ya kunywa.

Naomba anayejua anieleze kwa Kiswahili cha kueleweka. Dendrima ni kitu cha kweli? Inapatikana India, Nairobi, au Dar? Dada akisubiri miezi michache mpaka tuipate, kuna ubaya gani? Mimi niliishia darasa la saba, lakini nikielezwa vizuri naelewa.

Mfamasia wa Isevya (Tabora) anajibu:

Mwangaluka mdogo wangu, salamu kutoka Tabora. Pole sana kwa kuuguza, na hongera kwa kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Nianze na lile swali lako la mwisho kwa sababu lina haraka kuliko mengine. Dada asisubiri. Kemo baada ya upasuaji inatafuta chembe za saratani ambazo daktari wa upasuaji hawezi kuziona, zilizojificha mahali pengine mwilini. Ratiba yake imepangwa ili chembe hizo zisipate nafasi ya kupumua na kuongezeka. Akikaa miezi kadhaa bila dawa, nafasi hiyo anazipa. Kama tarehe ya dripu imepangwa, apande basi aende.

Sasa dendrima. Mwanenu hajatunga. Ni kitu cha kweli kabisa, na mimi binafsi ni moja ya mambo ya dawa ninayoyafuatilia kwa hamu kubwa. Kwanza ujue tatizo linalotafutiwa dawa. Dosetakseli ina asili ya mti, inatengenezwa kuanzia majani ya mti wa Ulaya uitwao yuu. Inazuia chembe isigawanyike. Lakini haiyeyuki kwenye maji karibu kabisa, na huwezi kumwingizia mtu kwenye mshipa kitu kisichoyeyuka. Kwa hiyo kiwandani huichanganya na pombe pamoja na kiyeyushi kiitwacho polisobeti 80. Kiyeyushi hicho ni sehemu ya sababu kwamba baadhi ya wagonjwa hupata mzio mkali dripu ikianza, kifua kikabana na uso ukawa mwekundu. Halafu dawa yenyewe, ikishaingia kwenye damu, haichagui. Inapiga kila chembe inayogawanyika haraka: ya saratani, ya mzizi wa nywele, na ya uboho wa mifupa ambako chembe nyeupe za damu huzaliwa.

Kampuni moja ya Melbourne, Australia, iitwayo Starpharma, ilichukua dosetakseli hiyohiyo ikaifunga kwa kemikali kwenye dendrima iliyojengwa kwa lisini. Lisini ni asidi amino, yaani kijenzi cha protini, imo kwa wingi hata kwenye hizo dagaa unazouza. (Kula dagaa hakutengenezi dendrima mwilini, nasema mapema kabla mtu hajaanza kuziuza kwa jina hilo.) Ikishafungwa hivyo, dawa inayeyuka kwenye maji, ile polisobeti haihitajiki tena, na dosetakseli inafunguka polepole badala ya kumwagika yote kwa pamoja. Taarifa za majaribio ya awali kwa binadamu zilionyesha chembe nyeupe zikishuka kidogo kuliko ilivyozoeleka. Hapo ndipo kijana alipopata maneno yake, na sehemu hiyo ameikaribia, ila kushuka kidogo si sawa na kutoshuka kabisa.

Lakini majaribio si duka la dawa. Yamefanyika kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa masharti, wengi wao saratani ikiwa imeshasambaa na dawa nyingine zimeshindwa, zaidi katika hospitali za Uingereza. Hakuna dawa ya kemo ya dendrima iliyoidhinishwa kwa matibabu ya kawaida ya saratani, si India, si Nairobi, si hospitali ya Ocean Road, Dar. Mkiuza michikichi mkafika India, daktari mwaminifu wa huko atamwandikia dada dosetakseli ileile atakayowekewa Mwanza. Mtakuwa mmenunua safari.

Na hayo matone msinunue. Dendrima hizo za kemo zilizofika kwa binadamu huingizwa kwenye mshipa, wodini, mgonjwa akiangaliwa. Muulize huyo muuzaji namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa ya nchi yetu, basi. Mtu mwenye dawa halali hakasiriki kuulizwa namba.

Kijana wa Gungu anajibu:

Wakuu, mimi nina swali kwa mfamasia, na nauliza kwa uchungu kwa sababu saratani ilimchukua baba. Nimesoma kwamba dendrima zilianza kutengenezwa miaka ya 1980. Ni zaidi ya miaka arobaini! Simu zimetoka kwenye meza zimeingia mifukoni, dawa za virusi vya UKIMWI zimepatikana na watu wetu wanaishi. Iweje hii bado iko kwenye majaribio? Watu hawaifichi kweli? Na kama haifichwi, ugumu uko wapi?

Mwalimu wa Kemia, Kasulu anajibu:

Ruhusa nimjibu kijana upande wa kemia, upande wa wagonjwa nimwachie mfamasia.

Miaka yako iko sawa. Mwaka 1978 Fritz Vögtle na wenzake huko Ujerumani walionyesha namna ya kujenga molekuli zinazozaa matawi hatua kwa hatua. Kisha Donald Tomalia, aliyekuwa kampuni ya Dow jimboni Michigan, Marekani, na wenzake, walichapisha mwaka 1985 habari za familia inayojulikana kwa kifupi kama PAMAM. Mwaka huohuo George Newkome naye alichapisha za kwake. Tangu mwanzo yamekuwa mambo ya wazi. Hata mimi ubaoni nawachorea wanafunzi.

Muuza dagaa, tazama mwembe mkubwa wa Ujiji. Shina linagawanyika, kila tawi linazaa matawi, na hayo yanazaa mengine, mpaka nje kabisa hujui uanze kuhesabu wapi. Dendrima inajengwa hivyo, ila matawi yanatoka pande zote za kiini kilicho katikati, kwa hiyo ikikua inakuwa kama tufe. Katika PAMAM ya kawaida kiini kinatoa mikono minne. Unaongeza kemikali ya kwanza, methili akrileti, halafu ya pili, ethilini diamini, na kila ncha inageuka kuwa ncha mbili. Mzunguko mmoja wa namna hiyo unaitwa kizazi. Kwa hiyo ncha zinakwenda 4, 8, 16, 32, 64, na kizazi cha tano zinafika 128. Ukubwa wake hapo ni kama nanomita 5 tu. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ukizipanga dendrima za kizazi cha tano mstari mmoja kukatiza chembe nyekundu ya damu, zitaingia zaidi ya elfu moja.

Ncha hizo 128 ndizo utajiri wake. Hapa unafunga dawa, pale unafunga kitu cha kutambua chembe ya saratani, pengine unafunga rangi ya kung'aa ili uione ilikokwenda. Polima nyingine nyingi hazina mpangilio wa namna hiyo. Plastiki ya ndoo, kwa mfano, ni minyororo mirefu na mifupi iliyochanganyika ovyo.

Ugumu sasa. Jumlisha 4, 8, 16, 32, 64 na 128, utapata mikono 252. Kila mkono hujengwa kwa miunganiko miwili, jumla 504 katika molekuli moja. Tuseme mikono yako ni hodari na kila muunganiko unafanikiwa mara 99 kati ya 100. Hiyo kwenye maabara ni alama ya juu sana. Piga hesabu: molekuli isiyo na kasoro hata moja utaipata chini ya 1 kati ya kila 100. Nyingine zina tawi lililokosekana, nyingine zimejiunga zenyewe kwa zenyewe, nyingine mbili zimeshikana. Kwa mtihani wa kidato cha sita hizo zote ni dendrima. Kwa dawa ya kuingia kwenye mshipa wa mama wa mtu, mamlaka ya dawa itauliza: humu ndani kuna nini hasa, na kundi la mwezi ujao litafanana na la mwezi huu? Kujibu swali hilo kiwandani ni kazi ya miaka na fedha nyingi.

Naomba mfamasia anisaidie jambo moja. Wanafunzi wangu huniuliza, kama ncha nyingi ndizo bora, kwa nini wasiende kizazi cha nane au cha kumi?

Mfamasia wa Isevya (Tabora) anajibu:

Mwalimu, hesabu yako naichukua, nitawapa wanafunzi wa mazoezi wanaokuja hapa kwetu.

Kuhusu vizazi vikubwa, jibu linaanzia kwenye chaji. Ncha za PAMAM zikiwa hivyohivyo zilivyo, ndani ya damu zinabeba chaji chanya. Ngozi ya chembe zetu nje ina chaji hasi. Zinavutana, dendrima inang'ang'ania ngozi ya chembe na kuitoboa. Chembe nyekundu zinapasuka. Kadiri kizazi kinavyopanda, ncha zinaongezeka, na madhara nayo. Ndiyo maana watafiti hulazimika kuzifunika zile ncha, ama kwa asetili, kikundi kidogo cha kemikali, ama kwa nyuzi za polima nyingine iitwayo PEG. Ukizifunika zote umeondoa sumu, lakini umejinyima mahali pa kufungia dawa. Ukiacha nyingi wazi, unaumiza mgonjwa. Miaka mingi ambayo kijana wa Gungu anauliza imekwenda kwenye mizani hiyo.

Kuna figo pia. Kitu chenye upana wa chini ya nanomita 5 au 6 hivi figo hukichuja haraka kikatoka na mkojo kabla hakijafanya kazi. Kikiwa kikubwa zaidi kinazunguka muda mrefu, na hapo kinaweza kunufaika na jambo ambalo Wajapani wawili, Matsumura na Maeda, walilieleza mwaka 1986: mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa haraka na vibaya, ina mianya, kwa hiyo vitu vya ukubwa huo huvujia humo na kubaki. Lakini kikiwa kikubwa na hakivunjiki, ini na bandama hukikamata, na hatuwezi kumjaza mtu polima isiyotoka mwilini. Ndiyo sababu lisini inapendwa, mwili unajua namna ya kuivunja.

Nikupe mfano mmoja unaonyesha matumaini na umbali kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Michigan, kundi lililoongozwa na James Baker lilichukua dendrima za kizazi cha tano, likafunika ncha nyingi kwa asetili, kisha likafunga vitu viwili: asidi ya foliki na dawa ya kemo ya zamani iitwayo methotreksati. Foliki ni ile vitamini wanayopewa wajawazito kliniki. Baadhi ya saratani huwa na vipokezi vingi mno vya foliki kwenye ngozi ya chembe zake, kwa kuwa zina njaa ya kukua. Chembe inaona foliki, inaivuta ndani, na dawa inaingia nayo. Mwaka 2005 walichapisha matokeo: panya waliopandikizwa uvimbe wa binadamu walipona vizuri zaidi na kuumia kidogo kuliko waliopewa methotreksati peke yake. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa nayo siku nzima kichwani. Ilikuwa kazi safi sana.

Panya, lakini. Uvimbe wa panya hukua kwa wiki chache na unaweza kuwa sehemu kubwa ya mwili wake. Wa mwanadamu umekua kwa miaka, una sehemu zenye mishipa inayovuja na sehemu zilizokauka zisizofikika, na mgonjwa mmoja hafanani na mwingine. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto, Kanada, walikusanya tafiti za miaka kumi za chembechembe za nano za kila aina, wakaangalia ni kiasi gani cha kilichochomwa kwenye mshipa hufika kwenye uvimbe. Kiwango cha kati kilikuwa asilimia 0.7, na hao ni panya. Kinachobaki huenda kwingine, hasa kwenye ini na bandama. Kwa hiyo yale maneno ya "bila kugusa sehemu nyingine za mwili" yafuteni kabisa kwenye mazungumzo ya familia. Faida inayotafutwa ni kupunguza madhara na kuongeza dozi inayofika, na faida hiyo inatosha kabisa kufanya watu wazima wakeshe maabara. Haihitaji kutiwa chumvi.

Kijana wa Gungu, pole kwa baba. Swali lako halikuwa la kijinga. Hakuna aliyeificha. Ipo hata jeli ya dendrima ya kutibu maambukizi ya ukeni yanayoletwa na bakteria, inauzwa katika nchi kadhaa, inatoka kampuni ileile ya Melbourne. Na dawa za nano za saratani za aina nyingine zipo zamani: doksorubisini, ile nyekundu aliyomaliza dada, ina toleo lililofungwa ndani ya vitufe vya mafuta, lililoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Linaumiza moyo kidogo kuliko la kawaida. Vitufe vile ni vikubwa mara nyingi kuliko dendrima na havina matawi. Vilitangulia kwa sababu kuvijenga na kuvipima ilikuwa rahisi zaidi.

Mdogo wangu wa Kibirizi, kuna swali moja ambalo hukuliuliza na kwangu lina uzito kuliko dendrima. Kile kinyama kilichochukuliwa kwenye titi, je, kilipimwa vipokezi? Kuna vipokezi vya homoni, na kuna kimoja kiitwacho HER2. Kama saratani ya dada ina vipokezi vya homoni, baada ya kemo kuna kidonge cha tamoksifeni au ndugu zake, cha kumeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Ni dawa ya zamani, haina jina la kusisimua, na imezuia saratani za titi kurudi kwa wanawake wengi mno. Kama ana HER2, kuna dawa nyingine ya kuilenga hiyo. Fikra ni ileile ya foliki na panya wa Michigan, kutafuta kilicho kwenye ngozi ya chembe na kukitumia, ila hii imeshakubalika na ipo hospitalini. Kama kipimo hakikufanyika, hapo ndipo pa kupeleka pesa ya matone. Laki tatu na nusu itakuwa imefanya kazi ya maana.

Mama wa Urambo anajibu:

Mwanangu, mimi nimepita humo kwenye dosetakseli, kwa hiyo nakuandikia nisiyesoma kemia.

Mwambie dada ni ngumu lakini si kama ile nyekundu kwa kutapika. Kwangu kilichosumbua ni uchovu, ladha ya chuma mdomoni, ganzi kwenye vidole, na miguu kujaa. Viatu vyote vilinikataa, nikawa wa kandambili hadi kanisani. Kucha za miguu mbili zilitoka, zimeota tena. Migebuka haikunipanda kabisa, uji wa ulezi ndio ulionishika.

Mfamasia, nikuombe kitu kwa heshima. Ukimjibu mtu aliyetajiwa dawa mpya, usimfungie mlango wa matumaini kwa kishindo. Wakati wangu, kusikia kwamba kuna watu mahali wanahangaika kutafuta dawa isiyoumiza ilikuwa inanisaidia kulala. Huyo kijana wa Dodoma anampenda mama yake. Asionekane mkosaji mbele ya wajomba.

Mfamasia wa Isevya (Tabora) anajibu:

Shikamoo mama, nimekuelewa na nakushukuru. Kijana hana kosa lolote. Nitafurahi akiandika hapa mwenyewe, na kama anasoma mambo ya sayansi, uwanja huu unahitaji watu kama yeye.

Yale uliyoyataja yananipa nafasi ya kusema mambo ya wodini. Miguu kujaa na mzio ndivyo vinavyofanya wagonjwa wa dosetakseli wapewe vidonge vya deksamethasoni, kwa kawaida kuanzia siku moja kabla ya dripu. Vidonge hivyo vinadharauliwa kwa sababu ni vidogo na vya bei ndogo. Dada asiviruke hata kama anajisikia mzima, na kama alisahau amwambie muuguzi kabla ya kuwekewa dripu. Basi la kupitia Kasulu na Nyakanazi ni safari ndefu, kwa hiyo vidonge vikae kwenye pochi, visiwekwe kwenye begi la chini ya gari.

La pili ni homa. Chembe nyeupe hushuka zaidi takriban wiki moja baada ya dripu, wakati huo dada atakuwa amesharudi Kigoma. Nunueni kipimajoto cha duka la dawa. Kikisoma 38 au zaidi, aende hospitali ya Maweni saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane, na neno la kwanza mapokezi liwe, "Mimi niko kwenye kemo." Asimeze Panadol akasubiri asubuhi. Kwa mtu mwenye chembe nyeupe chache, homa ndogo inaweza kumwua kwa saa chache. Ganzi ikizidi hadi kushindwa kufunga kifungo, daktari aambiwe kabla ya dripu inayofuata, kwa maana dozi hupunguzwa.

Muuza Dagaa wa Kibirizi (Kigoma) anajibu:

Nimemsomea dada yote haya, mengine mara mbili. Nilipofika kwenye kandambili za mama wa Urambo alicheka, nilikuwa sijasikia kicheko chake muda mrefu. Mwalimu, kuhusu mwembe nimekuelewa vizuri, lakini ile hesabu ya 504 nimemtumia kijana.

Muuza matone nilimwuliza namba ya usajili. Akaniambia dawa za asili za nano hazisajiliwi, kisha akashusha bei hadi laki na nusu. Nimemfuta kwenye simu. Shamba haliuzwi. Kaka alitaka kumsema kijana nikamzuia, nikamsomea maneno ya mama wa Urambo, akanyamaza. Kipimo cha vipokezi hatujui, kwenye karatasi zetu kuna moja ya Kiingereza ina herufi ER na PR na alama za kujumlisha. Tutaibeba.

Bado tuna maswali mawili. La kijana: je, mama anaweza kujiunga na hayo majaribio ya dendrima, hata kwa kulipia? La dada mwenyewe: kuna bibi huku Mwandiga anampa mizizi ya kuchemsha ya kuongeza damu, anakunywa kila asubuhi. Aendelee nayo akiwa kwenye dosetakseli?

Mfamasia wa Isevya (Tabora) anajibu:

Hiyo karatasi ndiyo hasa niliyokuwa nauliza. ER na PR zenye alama ya kujumlisha maana yake vipokezi vya homoni vipo. Muonyesheni daktari na mumwulize waziwazi habari ya tamoksifeni baada ya kemo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Majaribio: mgonjwa hukubaliwa kwa aina ya saratani na hatua iliyofikia. Dada amefanyiwa upasuaji na yuko kwenye tiba yenye lengo la kumponya, kwa hiyo hayo ya dendrima hayakumlenga mtu wa hali yake, na hiyo kwake ni habari njema. Kijana ashike na hili kwa siku za mbele: dawa inayojaribiwa katika utafiti wa kweli mshiriki hauziwi. Atasomewa fomu, atasaini kwa hiari yake, na anaweza kujitoa siku yoyote. Mtu akitaja bei ya kuingia kwenye majaribio, aondokeni hapo.

Mizizi: aiache kwa sasa, na aiache kwa adabu ili bibi asiudhike. Dosetakseli huvunjwa na ini kupitia vimeng'enya ambavyo mimea mingi huvichezea. Mmoja utavizuia, dawa ibaki nyingi mwilini na kumwumiza. Mwingine utavichochea, dawa iishe kabla haijafanya kazi. Mizizi ya bibi sijui iko upande gani, na kwa kuichemsha kila siku hata kiasi chake hakijulikani. Kama damu iko chini, kipimo cha kabla ya dripu kitaonyesha na atatibiwa kwa hilo. Akienda Mwanza abebe kipande cha mizizi yenyewe na jina lake la Kiha, amwonyeshe mfamasia wa wodi kabla ya dripu kuanza, aeleze na siku aliyoinywa mwisho.